Alhamisi, Saa Tatu

Natengeneza mashine za kufulia za watu.
Mtaa wa Goes wote, hadi Aguada kule chini,
wananijua: Heber, yule anayesikiliza
pipa likizunguka na kusema, "Beringi,"
kabla hajagusa bisibisi.
Nyumbani kwangu nguo zimelala ndani ya mashine
tangu Jumapili. Zimeshaanza kuvunda.
Nitazifua tena. Nitazisahau tena.
Kuna shati la buluu nimelifua mara sita
mwezi huu, na sijalivaa.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi hushika kumi na saba,
na la kumi na nane likipita dirishani
nalikimbilia, mikono imejaa.

Miaka hamsini na mmoja niliitwa mvivu.
Mwalimu aliniita hivyo, na mke wangu wa kwanza,
na wa pili, kwa sauti ya chini,
ndiyo iliyouma zaidi.
Nami niliitika, kama mtu aitikiavyo jina lake.
Kisha daktari mmoja kijana, soksi zake hazifanani,
akaandika karatasini: upungufu wa umakini.
Upungufu? Mbona ninao tele, daktari,
ila bomba limepasuka njiani,
maji yapo, jikoni hayafiki.
Akaandika namba ya simu nyuma ya karatasi ileile
ili nisipoteze mbili.

Nilitarajia mahubiri. Nilikuwa na shajara nne,
zote zimeandikwa ukurasa wa kwanza tu.
Nélida Bentancor, mwalimu mstaafu wa hesabu,
sauti ya mtu anayetafuna biskuti,
hakuniambia nijitahidi.
Aliuliza: "Barua ziko wapi?"
Ndani ya oveni, nikasema.
Hakucheka. "Ngapi?"
Sijui.
"Usizifungue leo. Zitoe, uziweke mezani. Nasubiri."

Akasubiri.
Nikasikia kijiko chake kikigonga kikombe,
basi likipunguza mwendo mtaani kwake,
na aibu yangu ikizunguka chumba
ikitafuta pa kukaa.
Thelathini na moja.
"Bahasha ya juu ina rangi gani?"
Nyeupe. Ina kidirisha.
"Basi tuchungulie kwenye kidirisha."

Sasa kila Alhamisi, saa tatu asubuhi, simu hulia.
Siku nyingine dakika ishirini hapiti neno.
Yeye anajaza fumbo la gazeti,
mimi najaza fomu ya kodi,
kisanduku baada ya kisanduku, kama mtoto
anayevushwa barabara kwa kushikwa mkono.
Kuna mtu upande wa pili. Ni hilo tu.
Sijui kwa nini linatosha.

Msidhani nimepona.
Mwezi wa saba nilikosa simu tatu mfululizo.
Ya mwisho ilinikuta juu ya paa la jirani
nikimnyooshea antena,
nami nilikwenda kwake kuazima chumvi.
Alhamisi ya nne nikapokea, hotuba ya msamaha tayari mdomoni.
"Chumvi ulipata?" akauliza.
Sikupata.
"Andika: chumvi."
Nikaandika kiganjani.

Jana usiku kengele ya simu ililia,
ile aliyonifundisha kuipa maneno yangu mwenyewe.
Kwenye kioo: Heber, shati.
Nikaenda. Nikalitoa, nikalianika, moja tu,
maana nikigeuka kufuata mataulo
niliona redio imeachwa mgongo wazi,
na mataulo, basi tena.

Ila asubuhi upepo wa mtoni ulikuwa umelikausha.
Nikalivaa nikitembea, nikipiga mluzi,
mpaka mama mmoja huko Aguada,
mashine yake inavuja sakafu nzima,
akanyoosha mkono akanitoa
kibanio cha kamba begani.
Nilikitia mfukoni. Kimo humu bado.
Nitamwambia Nélida Alhamisi,
nikikumbuka.