Alhamisi, Machui

Viti saba nyuma ya kanisa, tumekuja tisa.
Leonsia kakalia ndoo ya rangi,
mamake kasimama, hataki kuegemea ukuta.

Hapa hatuulizani, "Umepona?"
Tunaulizana, "Ulilala?"

Fulgensi kaleta vidonge ndani ya kopo la karafuu.
Vinanukia sikukuu, asema, ndiyo maana havisahau.
Mkewe anacheka. Mwezi wa tatu huu
hajafunga mlango kwa nje.

Walimwombea Leonsia hadi sauti zikawakauka.
Za kichwani mwake hazikukauka.
Siku hizi anazisomea Zaburi, taratibu,
kama abembelezaye watoto wa jirani.

Kidongo Chekundu kunatajwa
bila mtu kushusha macho.

Chai haina sukari; aliyetumwa kasahau.
Mamake Leonsia
kaegemea ukuta, kasinzia.