Vigogo Wateleza

Gazeti la Jumapili limetufikia Jumatatu,
linanuka dizeli na ndizi za abiria.
Nimelilaza chini ya taa ya cherehani
hapa Isevya, na kundi zima la jukwaa la juani
limejibana mlangoni: soma, fundi, soma.

Nikasoma: VIGOGO WATELEZA TABORA.

Wateleza.
Kana kwamba tulimwaga mlenda golini.
Kana kwamba bao la dakika ya sabini na moja
ni ganda lililojitupa lenyewe njiani,
halina mguu, halina mama aliyeuza karanga
stesheni miaka sita mwanawe apate viatu.

Mguu upo. Unaitwa Ndalahwa.
Redioni mtangazaji alimwita "huyu namba tisa",
kisha Ndalawa, kisha Dalali,
akarudi kwenye namba, akapumzika.
Lakini winga wao aliyetoka benchi
tuliambiwa shule aliyosoma, chakula anachopenda,
goti lililomsumbua mwezi Machi,
na mwanawe wa pili kazaliwa na kilo ngapi.
Yule mtoto sasa namjua kuliko wa jirani.

Lugendo, kipa wetu, alipangua penalti.
Gazeti linasema: mkwaju uliopotea.
"Ulipotea wapi?" akauliza Sizya, muuza asali.
"Mbona mimi niliuona mikononi mwa mtu?"

Uwanja mbovu, linasema. Nyasi kavu. Joto.
Uchovu wa safari.
Sisi tuliposhuka Dar na miguu imevimba,
usiku kucha barabarani, tukala nne,
uchovu wetu uliitwa uwezo mdogo.

Picha ni ya kocha wao, kashika kiuno.
Yetu ipo, kona ya chini:
bega la Ndalahwa, limekatwa na tangazo la kubeti.
Bega tu, na nusu ya ile tisa
niliyoishona mwenyewe, uzi mara mbili.

Tukachemka. Mmoja akasema tusilinunue tena.
Mwingine akasema muuza kofia
hupima kichwa cha mwenye pesa, mnashangaa nini?
Sizya akaapa ile redio kwake basi,
na sote tulijua saa mbili usiku ataifungua.

Ndipo Kalunde, mpwa wangu,
aliyekuwa nyuma akikunja vitambaa,
akauliza bila kuinua uso:
"Na ubao wako, mjomba?"

Ubao wangu unaegemea ukuta wa nje.
Kila wiki naandika matokeo kwa chaki,
na mtaa husoma hapo kwanza.
Nikatoka kuutazama kama ubao wa mtu mwingine.
ISEVYA 1, chaki ya njano, herufi za kutembea nazo.
Chini yake, kama deni la sukari: wageni 0.
Wageni. Hata jina sikuwapa.
Na Jumamosi asubuhi, uwanja huohuo,
nyasi zilezile kavu,
wasichana wetu waliifunga Urambo tatu bila.
Mawili ya Kalunde.
Mimi? Nilikuwa napiga pasi jezi za kaka zake.

"Nafasi ilikuwa ndogo," nikasema,
na sauti iliyonitoka
nikaijua: nilikuwa nimetoka kuitukana.

Sizya akakohoa. Mtu akakumbuka ameacha maharage motoni.

Chaki ilibaki kipande cha ukucha. Nikampa.
Akaandika taratibu, akaanza na Urambo,
akakosea, akafuta kwa kiganja,
akaandika tena.

Gazeti nimelikata.
Lile bega nimelibandika juu ya kioo,
kurasa nyingine zimefungia suruali ya mteja wa Cheyo.
Ubao ni kosa langu, nimelimeza.
Lakini nasema, na mzunguko wa pili utanikuta nasema:
Jumamosi ile, hapa Tabora,
hakuna aliyeteleza.