Silaha ya Marehemu

Afande Mwaluko anafungua daftari.
"Mwenye silaha yuko wapi?"
Nasema: amelala Tunduru, kaburi la tatu toka kwenye mkorosho.
"Fomu hii inataka sahihi yake."

Nimehama mkoa na mizigo saba:
godoro, magunia, jembe, kuku wawili waliofia Makambako,
na gobore la mume wangu ndani ya khanga
kama mtoto mgonjwa.
Kule kitabu chake kilikuwa na mhuri,
ada imelipwa mwaka hadi mwaka kwa pesa ya korosho.
Hapa Chemba mhuri wa kule ni doa la wino.
"Haisomeki kwenye mfumo," wanasema,
na huo mfumo ni mdudu gani, sijaonyeshwa.

Basi limewekwa stoo, limeandikwa namba kwa chaki.
Mimi nimepewa karatasi.

Usiku tembo wanatoka Swagaswaga,
wanapita katikati ya uwele wangu
kama wageni wa harusi ya mkubwa:
nani atawauliza kadi?
Napiga debe. Napiga sufuria.
Juzi nilimwonyesha tembo karatasi.

Bwana wanyamapori alifika siku ya tano,
akapima nyayo kwa futi ya fundi cherehani.
Kutakuwa na kifuta jasho, akasema.
Jasho limeshakauka lenyewe,
upepo wa huku haungoji bajeti.

Mwezi wa kampeni diwani alisimama juu ya pikapu
akatuambia tulale, nchi ni salama.
Nyuma yake kijana kabeba bunduki fupi, mpya,
inang'aa kama sufuria ya bi harusi.
Sikusikia mfumo ukikohoa.

Msinielewe vibaya.
Mimi ndiye niliyefua shuka la shemeji yangu Mkwanda
usiku ule wa jando, pombe ilipozidi maneno
na gobore hilihili likajibu.
Mpaka leo anachechemea. Mpaka leo hatusemi.
Kwa hiyo sheria ikiwa ukuta, sawa,
nitakaa upande wangu.
Lakini ukuta gani huu, mwenye pikapu kawekewa mlango,
mimi naachiwa ufa wa kuchungulia?

Tena sitaki kuua. Nataka mlio.
Marehemu alikuwa anashindilia baruti tupu, anapiga juu, kwenye nyota,
na asubuhi ananiambia: nimezihesabu, zote zipo.

Jana nimerudi kaunta, mara ya tisa.
Afande kaangalia mlangoni, kashusha sauti:
"Mama, mimi nina shamba Mvumi.
Nguruwe pori wamemaliza karanga.
Hata mimi napiga debe."
Nyuma yake stoo, kufuli lake kubwa kama ngumi.
Nikamuuliza, debe la mafuta au la rangi?
"La rangi," akasema. "Linalia zaidi."