Namba Tano Inapokata Kona

Studio yangu ni kabati la nguo.
Makoti nimeyaambia yasogee:
la sufu, la marehemu shangazi Jadwiga,
la kazini, lenye nembo ya kampuni ya tramu,
na lile jekundu nililolinunua kwa hasira, nikalivaa mara moja.
Yanameza mwangwi kuliko sponji za dukani.

Kompyuta iko nje, juu ya ubao wa kupigia pasi,
maana feni yake inakoroma kama abiria wa mwisho wa usiku.
Kipanya nimekishusha sakafuni,
nakibonyeza kwa kidole gumba cha mguu.
Kidole kimezoea: daktari kasema goti langu
limechoka kukanyaga kengele,
akanipa wiki tatu za kukaa nyumbani.

Mwanzoni sauti ilinirudia imechelewa.
Si sana, kufumba na kufumbua, pengine pungufu.
Naugusa uzi, kimya, halafu ndiyo nasikia,
kama mtu anayebisha hodi akajibiwa ameshageuka.
Mpwa wangu Ksawery akanielekeza kwa simu:
punguza ile akiba ya programu, shangazi.
Nikapunguza. Mkono na sikio vikapatana,
ila kompyuta ikaanza kutema chembe, ta, ta,
kama mafuta ya moto yaliyoonja maji.
Nikarudisha nusu.
Hiyo ndiyo ndoa.

Ninarekodi alfajiri, Gdańsk ikiwa bado haijakohoa.
Mzee Bogumił wa juu amelala, na mbwa wake amelala.
Friji nimeichomoa.
Saa ya ukutani nimeifungia ndani ya oveni.
Kimya kinafika, kinavua viatu.
Na kila siku, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili,
namba tano inakata kona chini ya dirisha langu,
magurudumu yanalia juu ya reli,
na ule mlio unapenya kioo, mlango, makoti matatu,
unaketi katikati ya muziki wangu
bila tiketi.

Nimefuta mara thelathini na nane.
Nimejaribu kila dawa ya programu, kichujio, mkasi, kifutio.
Nilipoutoa mlio, gitaa lilitoka nao,
ukucha na nyama.

Jumanne nikasikiliza tena, polepole, bila hasira.
Nikautafuta mlio ule kwenye uzi wa tatu.
Haukuwa huku wala kule:
umebanwa kati ya noti mbili
kama mkoba kati ya milango.

Naijua kona ile. Nimeikata miaka kumi na tisa.
Ingia na kilomita kumi na tano kwa saa, haisemi kitu.
Ingia na ishirini, inakutukana.
Huyu anaingia na kumi na nane,
hazidishi, hapunguzi.
Ni Zbysław tu.
Hana haraka, lakini chai yake inapoa kituo cha mwisho.

Basi nikazikaza nyuzi, zote sita,
kila moja robo ya hatua juu,
hadi gitaa likakosana na kila piano duniani
likapatana na kona moja.

Leo, dakika ya kumi, kidole gumba, kitufe chekundu.
Ya kumi na moja, nazungukazunguka, nachelewa makusudi.
Ya kumi na mbili naulaza mkono juu ya nyuzi.
Sipigi.
Naye anaingia.

Ksawery kaisikia. Anasema kuna uchafu pale katikati,
nimtumie, atausafisha.
Sijamjibu.

Zbysław hajui kitu. Jumatatu narudi kazini.
Ratiba imeshabandikwa: namba tano, zamu ya alfajiri, jina langu.
Dirishani kwangu hapatakuwa na mtu,
makoti yatakuwa mawili,
friji itakuwa inanguruma.

Nitaingia na kumi na nane.