Moyo wa Mbuzi

Nimeununua Kiboriloni, ukungu bado haujapanda,
kwa salio la bumu, elfu mbili mia tano.
Muuza nyama akauliza, "Moyo tu? Na maini?"
Nikamwambia ni wa kufundishia.
Akarudisha kisu, akaacha lile bomba la juu
ambalo siku zote hukata akawatupia mbwa.
"Kama ni wa shule, uende mzima."

Mwaka wa tatu huu nasomea kufundisha viumbe,
mwaka wa tatu najibu swali lile lile:
"Kwa hiyo udaktari uliukosa?"
Baba mdogo Kiwia huuliza kila Krismasi, machalari mdomoni.
Simlaumu. Ng'ombe wake wawili waliingia kwenye ada yangu,
anatafuta wameishia wapi.

Wameishia hapa, Baba mdogo:
Kidato cha Pili B, wanafunzi sabini na wanne,
madawati arobaini,
kabati lenye hadubini moja isiyo na kioo
na chura ndani ya chupa, aliyefumba macho mimi sijazaliwa.
Kibo kimejitokeza dirishani, kimejifunika tena,
hakuna aliyegeuka.
Macho yote yako kwenye sinia.

Andalio la somo linasema: utangulizi, dakika tano.
Dokta Mshighati yuko nyuma, amekuja kunipima,
dawati fupi, magoti yamemfika kifuani.
Naanza kwa Kiingereza nilichokikariri usiku
na maneno yanapita juu ya vichwa, hayatui.
Basi nachukua wembe.
Wembe hauna lugha.

Nyama ikafunguka. Harufu ya chuma.
Aikande akaziba pua, akachungulia juu ya kiganja.
Mmoja akanong'ona, "Mbona hauna umbo la kopa?"
Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka,
na Kiingereza kikamwagika chote.

Nikamwita Ndelilio, yule wa kona,
asiyetia neno tangu muhula ufunguliwe.
"Tia kidole kutokea chini."
Kikapita, kikachungulia kwenye bomba.
"Sasa mimina maji kutokea juu."
Akamimina. Maji yakasimama.
Vijipazia vitatu vikavimba, vikakutana katikati.

"Ni mlango," akasema. "Wa kutokea tu."
Ndiyo.
Akayatazama yale maji.
"Mama yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji,
"kule KCMC walisema mlango haufungi.
Mimi nilidhani wa wodi."

Andalio lina safu ya zana,
safu ya shughuli za mwalimu, ya shughuli za mwanafunzi,
safu nyembamba ya tathmini.
Nilizipitia zote kichwani, nimesimama tu.
Kisha nikampa wembe.
"Kata kipazia kimoja. Kimoja tu. Halafu umimine tena."
Sijui kama nilifanya vema, mpaka leo sijui.
Akakata. Akamimina.
Yakapita yote, yakalowesha gazeti, yakalowesha andalio langu.
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyefikiwa na barua iliyochelewa.

Kengele ilikuwa imelia, hatukuisikia.

Dokta Mshighati ameandika:
Zana nzuri. Mpangilio wa ubao hafifu.
Lugha ya kufundishia haikuzingatiwa.
Muda umezidi dakika tano.
Ameandika, ametia sahihi,
na bado amekaa kwenye lile dawati, hainuki.

Mama Anaeli wa jikoni akapitisha kichwa mlangoni,
"Huo unatupwa?"
Mchana maharage ya walimu yalikuwa na nyama.

Saa tisa na nusu nikafunga maabara.
Juu ya ngazi nilikuta kikombe changu,
kimeoshwa, kimefunikwa,
hakuna aliyekisimamia.