Kanuni ya Huruma

Huko Nebraska, kwenye vilima vya mchanga na nyasi,
shule yetu ilikuwa na wavulana kumi na mmoja.
Wanane walitaka kucheza, mmoja wao ana pumu.
Ndiyo maana tulicheza mpira wa watu sita,
ule wa yai la ngozi, mapande begani, chuma usoni,
majaribio manne ya kusogea yadi kumi na tano,
kwenye uwanja uliopunguzwa kama shuka la mtoto.

Mimi nilikaa kati. Kazi yangu kuinama,
kuutoa mpira kinyumenyume katikati ya miguu,
kisha kugongwa.
Picha zangu zote za gazetini ni za mgongo.

Ipo sheria katika mchezo ule:
mkizidiwa pointi arobaini na tano baada ya mapumziko,
refa anapuliza, mnarudi kwenu.
Inaitwa kanuni ya huruma.
Tulihurumiwa mara nane msimu mmoja,
Ijumaa hadi Ijumaa,
wauza soseji hata mafuta hayajapoa.
Nakuambia, huruma ina uchungu kuliko kipigo.
Kipigo kinakutazama usoni;
huruma inakufunika blanketi hadi kichwani.

Kocha Zelenka, mwalimu wa kemia, dereva wa basi,
hakutugusia habari za kushinda.
Wiki tatu nzima alitufundisha kuanguka:
kidevu kifuani, pumzi nje, mpira tumboni kama mimba.
Kisha kuinuka.
"Anayeinuka kwanza asirudi mikono mitupu."
Basi tukavutana. Wilmer Ixcoy,
ambaye baba yake alikata nyama kiwandani usiku kucha,
alikuwa na kiganja kama ubao wa jikoni.
Bado nakihisi.

Lakini nisikudanganye.
Wapo wanaosema mpira humjenga mtu.
Ulimjenga nini Colby Vrba?
Goti lake liligeukia kusiko mwezi wa tisa,
likalia kama bua la mahindi,
na hadi leo akishuka ngazi anazihesabu.
Tulimpa mikono yote tuliyokuwa nayo.
Kuna kuanguka ambako mkono haufiki.

Mechi ya tisa. Ugenini, theluji ya kwanza.
Kabla hatujashuka basini Kocha akauliza,
"Leo mnataka nini?"
Kimya. Vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu.
Ndipo Wilmer, akiokota neno mojamoja:
"Nataka saa iishe yenyewe."

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.

Robo ya nne, arobaini na sita kwa sita,
na wao wako yadi nne kutoka mstari wetu.
Wakivuka tu, tunahurumiwa.
Sikumbuki walivyozuiwa.
Nakumbuka majani menoni,
muundi wa mtu nimeukumbatia kama mama,
na juu yangu uzito, na juu ya uzito uzito mwingine,
na sauti ya mwenye pumu ikisema, hapana, hapana, hapana.

Hamsini na mbili kwa kumi na nne.
Sifuri kwenye saa.
Tulirukaruka hadi wenyeji wakaitana kututazama,
na baba yangu, asiyewahi kukosa mechi,
alipiga honi ya gari hadi betri ikafa.

Shule iliunganishwa na nyingine.
Uwanja sasa unakatwa nyasi za ng'ombe.

Juzi baba alianguka bafuni.
Upande wake wa kushoto umelala tangu Krismasi.
Nilimkuta anautazama ukuta kwa hasira
kana kwamba ndio uliomsukuma.
Sikufikiri. Magoti yakajikunja yenyewe,
kifua chini ya kwapa lake, pumzi nje.
Tukateleza wote wawili.
Nikajaribu tena. Tukateleza tena,
safari hii na pazia la bafu likaja nasi.

Tukakaa sakafuni tunahema, suruali zimelowa.
Akasema kwa ile nusu ya mdomo,
"Jaribio la tatu."

"Na la nne tunalo," nikasema,
nikatafuta pa kukanyagia.