Mpaka

Mhandisi Policarpio alisimika darubini yake ya miguu mitatu
katikati ya mpunga, akanituma nitembee na fimbo,
nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe,
mpaka aseme basi.
Siku ya tatu hii, hajasema basi.

Pande zote mbili zinatamka neno lilelile: mpaka mtoni.
Hermenegildo anayo hati yenye muhuri. Baba yake
alishuka nayo melini kutoka Iloilo, pamoja na cherehani
na sanamu ya Bikira iliyoviringishwa blanketi.
Bai Guiamila hana hati. Ana majina saba
yaliyolala chini ya minazi, vichwa kaskazini,
nyuso zikitazama machweo, na anayataja moja moja
kama mtu anayehesabu mayai gizani.

Lakini mto umehama.
Usiku mmoja wa mafuriko Pulangi uliinuka kitandani
ukaenda kulala pengine, hatua mia tatu huku,
bila kumuuliza padri wala imamu.
Umeacha kipande cha tope jeusi linalonukia uhai,
na kila mtu amekwisha kuota anavuna pale.

Walikuja wageni wenye fulana za mashirika.
Wakauliza: je, amani ya kudumu inawezekana?
Hermenegildo akakuna shingo. "Ya kudumu?
Hata bati langu halijadumu."
Bai Guiamila akanyoosha kidole kwenye pampu.

Pampu ni moja. Inakaa kwa Hermenegildo,
ufunguo wake unalala kwa Bai Guiamila
ndani ya kopo la biskuti.
Kwa hiyo msimu wa kupanda lazima mtu avuke,
abishe hodi, angoje nje kwenye umande.
Mwaka juzi waligombana kwa sababu ya nyati wa kulimia.
Siku kumi na moja ufunguo haukuvuka.
Mpunga ukageuka manjano huku na huku,
haukubagua wa msalaba na wa msikiti.
Siku ya kumi na mbili mjukuu alitumwa, ufunguo shingoni.
Hakuna aliyesema samahani.
Pampu ilikohoa, ikawaka.

"Hiyo si amani," alisema Mhandisi, akifuta lenzi.
"Hiyo ni njaa yenye adabu."
Huenda. Mimi ni mshika fimbo tu.
Ila najua imani, amani na amana
wamenyonya ziwa moja,
na kitindamimba wao, yule asiyehubiriwa Ijumaa wala Jumapili,
ndiye anayelala ndani ya kopo la biskuti.

Mchana wa pili Bai Guiamila aliniletea muhogo na maji.
Alinitazama nikipokea.
"Mkono huu naujua," akasema. "Ni wa baba yako."

Mwaka wa moto baba alivuka na dumu la petroli.
Nyumba hii haikuwa hii. Ilikuwa nyingine, palepale.
Nyumbani kwetu hatulitaji jambo hilo,
tunakula na kuomba tukilizunguka
kama shimo katikati ya sebule.

Fimbo ikanitetemeka.
Mhandisi akapaza sauti kutoka mbali: "Simama wima!"
Bai Guiamila akanijazia kikombe tena.
Hakusema amesamehe. Sikuthubutu kuuliza.
Nilikunywa mpaka nikaona kitako cha kikombe,
na uso wangu haukuwemo.

Nguzo ya zege bado iko nyuma ya gari.
Mhandisi aliandika tarehe ya kuisimika, akaifuta.
Wanasubiri mvua, waone mto utaamkia wapi.
Jioni kengele na adhana zinapishana angani
na upepo, usio na dhehebu, unazichanganya
juu ya migongo ya nyati.

Watoto wa pande zote wameigeuza nguzo kiti.
Jana nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake: sogea.
Mwenzake akasogea, shingo upande, kidogo tu,
kisha akamsukuma.
Wote wawili wakaanguka kwenye tope.
Nilingoja, fimbo mkononi,
nijue ni kilio au ni kicheko.